Mwendokasi wa Gongo la Mboto ukianza, daladala zetu zinahamishiwa wapi?

Mtoto wa Pugu (#1)
Wakuu, poleni na majukumu.

Nakaa Pugu Kajiungeni hapa Dar es Salaam, kibarua changu kipo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Asubuhi napanda gari moja tu. Nikibahatika siti nalala mpaka mjini, konda ndiye anayeniamsha.

Juzi kituoni nikakuta makonda wanabishana. Eti mwendokasi (yale mabasi makubwa yenye njia yao peke yao) wa Barabara ya Nyerere ukishaanza, daladala zote zinazoshuka mjini kwa barabara hiyo zinakatwa. Za Pugu na Chanika mwisho wake Gongo la Mboto, za Kitunda na Kivule mwisho wake Banana, halafu abiria anaungia basi kubwa. Vituo vya katikati ya barabara si vimeshaonekana? Basi wanasema ndio mwisho wetu.

Mwenye kujua atuambie. Nauli ya pili nalipa mimi? Na hizo gari zinakwenda wapi?

Ngoja Waje (#2)
Nimevuta kiti. Waje.

Konda Mstaafu (#3)
Mkuu #1, hayo si maneno ya kijiweni tu, mfumo wenyewe ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo: barabara kuu ya mabasi makubwa, daladala zikae pembeni zilete watu.

Mwendokasi ulipoanza Barabara ya Morogoro mimi nilikuwa konda wa gari ya Kimara kwenda Posta. Wenye leseni za njia ile wakaambiwa wabadili njia. Tajiri wangu akaomba njia ya kupita Barabara ya Mandela. Shida ni kwamba kila mwenye Coaster alifikiria Mandela hiyo hiyo. Tukawa tunapanga foleni kituoni gari nyingi, vichwa vichache. Unapiga debe mpaka sauti inakauka, unaondoka na watu tisa. Jioni ukihesabu, mafuta yametoka, trafiki ametoka, hesabu ya tajiri haifiki, mimi na suka tunaangaliana.

Baadaye gari ikauzwa ikaenda mkoani. Suka akaifuata, mimi nikahamia bajaji.

Binti Majumba Sita (#4)
Konda #3 pole, ila mbona abiria hamtutaji? Mimi hiyo siku naisubiri kwa hamu.

Njooni Majumba Sita saa kumi na mbili asubuhi mwone. Gari zinapita zimejaa tangu Gongo la Mboto, konda ananing'inia mlangoni, hata hakuangalii. Ikisimama moja mnaigombania watu thelathini, wanaopitia dirishani ni wao na nguvu zao. Nikipanda nasimama nimepinda shingo mpaka Veta. Basi likipita kwenye njia yake bila foleni, kuna ubaya gani? Nauli ya pili ni yenu nyie wa Pugu, mimi nakaa barabarani.

Mtoto wa Pugu (#5)
#4 hapo mwisho ndio umesema ukweli wako 😂

Mzee wa Ikarus (#6)
Vijana mnaongea kama vile mambo haya yameanza jana. UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, imeanzishwa 1974, tukapanda Ikarus kumbakumba zile ndefu zenye mpira katikati. Mabasi yakaharibika, vipuri hakuna, watu wakawa wanalala vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria, tena baada ya kuyakimbiza kwa miaka. Maana yake mnayoyaita daladala yalikuja kuziba pengo la basi kubwa la umma, na sasa basi kubwa la umma linarudi kuyatoa. Nimeona yote mawili, sishangai.

Na huo mwendokasi wenu umeanza 2017, hata miaka kumi haukufika mabasi yakaanza kulilia matengenezo.

Kalamu ya Ilala (#7)
Mzee wangu #6 shikamoo. Huduma ilianza Mei 2016. Januari 2017 ni uzinduzi rasmi, alipokuja Magufuli. Nauli ya kwanza ilikuwa 650 njia kuu, 400 njia za kulishia (zile za pembeni zinazoleta watu njia kuu), 800 ukiunganisha zote mbili, mwanafunzi 200. Na hiyo ilikuja baada ya vuta nikuvute, maana pendekezo la awali lilikuwa 1,200 kwa njia kuu, Waziri Mkuu Majaliwa akalikataa.

Mzee wa Ikarus (#8)
Marahaba. Mtoto hahesabiwi mpaka apewe jina. Jina lilitolewa 2017.

Chaku Chaku (#9)
Mzee hakubali kushindwa 😂😂

Mama Ndoo (#10)
Habari zenu. Mimi swali langu ni dogo. Nachuuza samaki Gongo la Mboto. Usiku wa manane nakwenda Feri, soko la samaki, alfajiri narudi na ndoo mbili. Konda namlipa nauli yangu, na ndoo namlipa jero kila moja. Zinakaa nyuma, nimezifunika kwa kiroba na kukaza kamba, maji yasichuruzike kwenye viatu vya watu. Makonda wote wananijua, na abiria wa saa hiyo wananijua.

Hilo basi la kioo litanipokea na ndoo zangu? Kama halinipokei nakodi bajaji kutoka mjini mpaka Gongo la Mboto? Faida yote si imeishia barabarani?

Chaku Chaku (#11)
Mama, wewe ingia tu na vibua wako. Abiria wote watashuka, utakaa siti uipendayo.

Binti Majumba Sita (#12)
#11 acha dharau. Hao samaki ndio unaowala jioni na chips. Mama Ndoo ana hoja, na si yeye peke yake. Kuna wa mikungu ya ndizi, wa nyanya za Buguruni, wa mitumba ya Karume. Daladala ndiyo lori lao.

Mhasibu wa Tajiri (#13)
Nina gari mbili za mzee nazisimamia, zote njia hii hii, kwa hiyo niongee kama mtu wa hesabu.

Watu wanadhani daladala inataka njia ndefu kwa sababu nauli ni kubwa. Hapana. Daladala inaishi kwa abiria wa njiani. Chukua siti moja ya Coaster kutoka Pugu. Aliyekaa anashuka Banana, anapanda mwingine anashuka Airport, anapanda mwingine anashuka Tazara, wa nne anakwenda nayo mpaka Kariakoo. Siti moja nimeiuza mara nne, na kila mmoja kalipa nauli yake. Desemba 2023 nauli ya kilomita kumi za kwanza ilipandishwa ikawa 600, zidisha mwenyewe.

Sasa nikate, mwisho Gongo la Mboto. Asubuhi gari inatoka Pugu imejaa, wote wanashuka mwisho, siti nimeiuza mara moja. Narudi tupu, maana hakuna anayetoka mjini kwenda Pugu saa moja asubuhi. Jioni kinyume chake. Mchana gari inalala kivulini.

Ndio maana ukimwambia mwenye gari "tunakupa njia ya kulishia" anaona umempa jina zuri la kuondoka barabarani.

Kivule Fremu Kumi (#14)
#13 umeeleza vizuri, sasa ongezea na hizo njia zenyewe. Huku kwetu mvua za masika zikipiga siku mbili, konda anaanza kukwambia "mwisho hapa, mbele hakupitiki". Mnashuka na viatu mkononi. Nani mwenye akili atatoa gari kwenye lami aje kuvunjia springi na shokapu Kivule?

Mimi tayari napanda mbili: bajaji mpaka Banana, kisha gari ya mjini. Mwendokasi ukija zitabaki mbili vile vile. Kwangu bora lami ya mtaani kwanza, basi la kioo baadaye.

Msema Kweli Daima (#15)
Wakuu msihangaike. Huu ni ulaji. Kuna wakubwa wana mabasi yao, wanataka daladala zitoke ili abiria wasiwe na pa kukimbilia. Basi.

Kalamu ya Ilala (#16)
#15 labda, lakini huhitaji mkubwa aliyejificha ili jambo hili lieleweke. Anayeleta mabasi ya mamilioni ya pesa anakopa. Benki inamuuliza: abiria wako ni nani? Akisema "nitagombania na Coaster", hapewi. Kwa hiyo kwenye mkataba anataka barabara iwe yake. Ni biashara ya kawaida, uipende usiipende.

Fundi Bomba (#17)
Mnasahau foleni. Basi lile refu linabeba watu zaidi ya 100. Hao hao uwatie kwenye vipanya, pata picha vipanya vingapi vinagombania kusimama pale Kamata. Flaiova ya Mfugale ilifunguliwa 2018, tukapumua pale Tazara, halafu foleni ikahamia mbele. Barabara haiongezeki kwa kutamani. Mimi sioni ulaji wala mkataba, naona hesabu ya nafasi tu.

Msema Kweli Daima (#18)
Wewe #17 una hisa.

Fundi Bomba (#19)
Nina spana.

Mtaani Nairobi (#20)
Niaje wasee. Hii story nimeisoma nikacheka, juu hapa kwetu tulishaiona. Desemba 2018, Sonko akiwa gavana, matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Abiria wakashushwa Ngara, Muthurwa na kwingineko, wakamalizia kwa mguu. Wamama wajawazito, wazee, watu wa mizigo, wote wanatembea. Kelele ikapigwa, marufuku haikumaliza hata wiki, matatu zikarudi. Halafu 2022 wakajaribu tena na Green Park, ile stage iko karibu na Uhuru Park. Mathree bado ziko tao.

Kwa hivyo msiogope sana. Hizi gari zina roho ya paka.

Konda Mstaafu (#21)
Ndugu yangu wa Nairobi karibu, ila tofauti ni hii: kwenu waliwazuia matatu bila kuweka kitu badala yake. Hapa basi lenyewe lipo na njia yake imejengwa kwa zege. Kimara daladala za Posta hazikurudi kirahisi namna hiyo. Zilikuwa zinaonekana tena Jangwani ikijaa maji na mwendokasi kusimama, mvua ikikata mnaambiwa haya tokeni.

Sheikh wa Buguruni (#22)
Assalaam aleikum. Mnajadili kukatwa kwa njia kana kwamba leo hazikatwi. Nyie wa Pugu mnalilia "gari moja mpaka mwisho". Gari ipi? Ikifika saa kumi na moja jioni, gari imeandikwa Kariakoo na Gongo la Mboto ubavuni, mstari wake wa rangi umechorwa vizuri kabisa, mnafika Buguruni konda anawaambia mwisho hapa, tunageuza. Nauli kashakusanya. Mnashuka mnanung'unika, anapakia wengine upya. Mamlaka haijakata njia hiyo, wameikata suka na konda.

Konda Mstaafu (#23)
Sheikh, foleni ikiwa imesimama Tazara mpaka Airport, ukienda mpaka mwisho unarudi saa nne usiku na hesabu nusu. Usiseme tu konda, sema na tajiri anayetaka hesabu ile ile siku ya foleni na siku ya Jumapili.

Mhasibu wa Tajiri (#24)
#23 mzee tena kaingizwa 😅 Tajiri naye ana mkopo.

Mwalimu Wa Zamu (#25)
Naomba mtazame upande wa watoto. Mwanangu anasoma sekondari moja mjini, anatoka Gongo la Mboto. Nauli ya mwanafunzi 200. Asubuhi anakataliwa na gari tatu, ya nne inampokea kwa masharti asikae. Hapo ni gari moja. Tukihamia Chanika kwenye kiwanja chetu, akiungia mahali pawili, 200 inakuwa 400 kwenda na 400 kurudi, na kila anapoungia kuna konda mpya wa kumsukuma.

Basi kubwa angalau halina konda wa kumchagua mlangoni. Kwa hilo nalipenda. Kinachonitisha ni kile kipande cha kwanza.

Chaku Chaku (#26)
Mwalimu hapo nakazia. Mimi nilisoma kwa kudandia. Konda akisema "denti wawili tu", sisi kumi na wawili tunaangaliana nani mwili mdogo.

Mama wa Mwenge (#27)
Mwaka 2014 walipotuhamishia kituo kutoka Mwenge kwenda Makumbusho tulisema maneno haya haya. Wafanyabiashara walilia, abiria tulilia. Leo Makumbusho pamechangamka, maduka mpaka barabarani, watoto wa sasa hawajui kama kituo kiliwahi kuwa Mwenge. Watu huzoea.

Fundi Bomba (#28)
Mama #27, watu wanashuka Mwenge mpaka kesho. Kituo kilihama, abiria hakuhama.

Kalamu ya Ilala (#29)
Na mabasi ya mikoani je? Kisutu na Mnazi Mmoja, tukaletewa Ubungo, 2021 tukapelekwa Mbezi kwenye stendi ya Magufuli. Stendi nzuri, sikatai. Ila ukishuka na begi la kutoka Songea saa sita usiku, safari ya Mbezi mpaka Temeke inaanza upya na nauli yake.

Mama wa Mwenge (#30)
Ndio nikasema watu huzoea, sikusema wanapenda.

Reli Ndiyo Jibu (#31)
Wote mnazunguka. Reli inapita pale pale Pugu. Mwaka 2012 ilianza treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ikadharauliwa, na ndiyo ilikuwa dawa. Hakuna foleni, hakuna trafiki. Wangeongeza mabehewa tu mngesahau mambo ya kulishana.

Mzee wa Ikarus (#32)
Treni ya Mwakyembe 2012 haikuwa ya Pugu. Ya reli ya kati ilikuwa Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, na ya TAZARA ilikwenda Mwakanga. Ya Stesheni kwenda Pugu ilikuja baadaye.

Kalamu ya Ilala (#33)
Leo mzee amenisahihishia mtu. Nimekaa kimya.

Reli Ndiyo Jibu (#34)
Mwakanga na Pugu ni majirani, mzee, usinitoe kwenye reli.

Mtoto wa Pugu (#35)
Jamani turudi. Asanteni kwa michango, ila swali langu la nauli bado halijajibiwa. Kalamu kasema (#7) mwaka 2016 ukiunganisha ulilipa 800 kwa zote mbili. Kwa nini wasifanye hivyo hivyo huku? Nilipe mara moja Pugu, nishukie Gerezani. Kadi moja.

Kalamu ya Ilala (#36)
Mkuu, ile 800 ilikuwa kwa mabasi yao wenyewe. Basi la njia ya kulishia na basi la njia kuu mwendeshaji alikuwa mmoja, pesa inaingia mfuko mmoja, kwa hiyo punguzo alijipunguzia mwenyewe. Wakitaka daladala ya mzee wa #13 ndiyo ilete watu, kuna mifuko miwili. Ile tofauti anaibeba nani?

Mhasibu wa Tajiri (#37)
Sisi hatuibebi, hilo niseme mapema. Konda anataka noti mkononi. Umwambie "pesa yako ipo kwenye kadi, itaingia mwisho wa mwezi", dizeli ya kesho asubuhi anaweka nini?

Fundi Bomba (#38)
Wenye daladala waungane wafanye kampuni, wawe na mkataba wao, walipwe kwa kilomita na si kwa kichwa. Hapo konda hagombanii mtu, gari inaondoka kwa saa.

Konda Mstaafu (#39)
#38 maneno hayo niliyasikia vikaoni kabla hata mwendokasi wa Kimara haujaanza. Waungane watu wenye gari moja moja, kila mmoja anamshuku mwenzake? Wengine gari yenyewe ni ya mtu mwingine, kadi ipo kwa aliyemkopesha.

Binti Majumba Sita (#40)
Kwani hao wa Mbagala wanasemaje? Barabara yao ilikaa imekamilika muda mrefu inasubiri mabasi, watu wanaitazama tu. Wenye uzoefu wa Kilwa Road waje.

Rangi Tatu Mwisho (#41)
Nipo. Ushauri wangu kwenu wa Gongo la Mboto: msiziage daladala mpaka muone basi kwa macho, tena si moja. Zege likiwepo bila mabasi ni kiwanja cha watoto kuchezea baiskeli. Na yakija, hesabuni yako mangapi saa ya asubuhi kabla hamjaandika nyuzi za kushangilia.

Msema Kweli Daima (#42)
Si niliwaambia. Ulaji.

Kivule Fremu Kumi (#43)
#42 wewe hata mvua ikinyesha ni ulaji.

Msema Kweli Daima (#44)
Muulize aliyejenga mitaro ya kwenu.

Kivule Fremu Kumi (#45)
Hapo… sawa.

Mama Ndoo (#46)
Mmeongea yote, ndoo zangu mmeziruka.

Mwalimu Wa Zamu (#47)
Mama, nionavyo mimi saa zako ni tofauti na za watu wa ofisi. Waombe wakubwa waache gari chache za alfajiri zinazokwenda moja kwa moja, tuseme mpaka saa kumi na mbili, kwa ajili ya watu wa masoko. Kama kuna mkutano wa kutoa maoni, nendeni na wenzako wa Feri kabla njia hazijapangwa. Wakishapanga ni shida kupangua.

Mama Ndoo (#48)
Mikutano wanaweka saa nne asubuhi. Saa nne ndio nauza.

Chaku Chaku (#49)
Mama, utani pembeni. Jumamosi nipo Gongo la Mboto. Vibua fungu bei gani?

Mama Ndoo (#50)
Wewe nakuuzia na adhabu juu.

Mgeni Jijini (#51)
Samahani niko nje ya mada kidogo. Kesho natoka Chanika kwenda Buguruni, gari za kwanza zinaanza saa ngapi?

Konda Mstaafu (#52)
Saa kumi na nusu unazikuta. Shika chenji, usimpe konda noti ya elfu kumi alfajiri yote ile.